Daftari la kaka si wosia

Shemeji alinikabidhi diski mbili za filamu ya kaka zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha kitenge, fundo juu, kama mtu anavyofungiwa maandazi ya safari.

Ilikuwa siku ya misa ya arobaini ya kaka, Kihesa, Iringa, nyuma ya nyumba, pale kina mama walipokuwa wanaosha masufuria. Mvua ilikuwa imekatika dakika chache kabla, na moshi wa kuni ulikuwa unatambaa chini kwa chini, haujapata nguvu ya kupanda. Alinivuta pembeni ya ukuta wa jiko, akanipa lile furushi kwa mikono miwili, kisha akatoa kwenye pochi daftari la shule ambalo jalada lake lilikuwa na doa la chai.

"Malizia kazi ya kaka yako, shemeji."

Nikasema sawa.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mjane amekushikia macho, nyumba imejaa watu, na kazi yenyewe unaijua. Nikasema sawa, nikaweka furushi ndani ya koti, nikarudi kukaa na wanaume wenzangu kwenye turubai. Ni wiki nane sasa, na ile "sawa" haijanipa usingizi wa kueleweka.

Saa 61

Hakuwa kaka yangu wa tumbo moja. Ndiye aliyenifundisha kushika kamera, enzi zile tunapiga harusi na sendofu ukumbi kwa ukumbi hapa mjini na kurudi nyumbani saa nane za usiku na pilau kwenye kontena. Alikuwa akisema harusi inamfundisha mpiga picha kitu kimoja cha maana, nacho ni kusubiri. Miaka mitatu iliyopita aliacha harusi. Kila masika akawa anapanda Kilolo kumfuata mgema mmoja wa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi, mzee wa miaka sabini na ushee, na kila akirudi alikuwa na matope mpaka magotini na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo ukumbini.

Ulanzi wenyewe sina haja ya kumweleza mtu wa Iringa wala wa Njombe. Ila namna kaka alivyoupiga picha, hiyo lazima niiseme.

Kuna klipu moja ya dakika sita. Ukungu, asubuhi. Mzee anashika chipukizi la mwanzi lililokwisha kukatwa kichwa. Anatoa kisu kidogo, anachonga kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu. Kidonda kinang'aa. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu tone moja linajikusanya, linaning'inia, linaanguka. Mzee anatundika mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia, pale chini ya kidonda, anaikaza, anahamia shina la pili. Anarudia. Shina la tatu. Kamera haikatiki, haikimbilii, inamfuata tu kwa mwendo wake. Jioni atarudi kuchonga tena pale pale, na kesho asubuhi tena, kwa sababu kidonda kikiachwa kinakauka na chipukizi linakunyima.

Nilikuta saa 61 za namna hiyo. Alizokuwa amehariri mwenyewe ni dakika 14.

Na daftari.

Sauti yangu itoke

Nililisoma daftari usiku mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, limeandikwa kwa peni yake iliyokuwa inakwaruza karatasi. Kulikuwa na mahesabu ya nauli. Majina ya miti. Namba za klipu. Na katikati ya hayo, maagizo ambayo mtu hujiandikia mwenyewe: "Mwanzo: ukungu, kisu." "Muziki hapana." "Mwisho: kiangazi, mbeta tupu zimetundikwa, kimya." Hiyo ya mwisho hakuwahi kuipiga. Alifariki Machi, ulanzi ukiwa bado unatoka.

Na kwenye ukurasa mmoja, imepigiwa mstari mara mbili: "Sauti yangu itoke yote."

Anamaanisha sauti yake akimhoji mzee iondolewe. Kaka hakupenda filamu ambazo mwenye kamera anajileta mbele. Tulishawahi kugombana kwa jambo hilo, mimi nikimwambia anajificha, yeye akiniambia mzee ndiye mwenye mwanzi.

Nikaona basi kazi imerahisishwa. Nina maagizo. Nitatii.

Kwa wiki tano nilitii. Niliweka ukungu, nikaweka kisu. Sikuweka muziki. Kila palipokuwa na swali lake nililikata, nikaacha jibu la mzee lisimame peke yake. Nilipomaliza nilikuwa na dakika 52 ambazo mtu yeyote angeweza kuzilinganisha na daftari mstari kwa mstari na asinipate na kosa.

Filamu ilikuwa imekufa.

Sijui niiseme vipi vingine. Kila kipande kilikuwa kizuri, lakini filamu nzima haikupumua. Nikamwalika shemeji aitazame, yeye na mtoto mkubwa. Walikaa kwenye kochi langu bila kunywa chai niliyowawekea. Ilipoisha, shemeji alinyamaza kwa muda, akasema kwa upole ambao ulinichoma kuliko lawama, "Kazi nzuri, shemeji. Lakini yeye yuko wapi?"

Mtoto akasema, "Babu anaongea na nani?"

Wenzangu wa mbali

Nisipolala huwa natafuta watu waliowahi kukaa kwenye kiti nilichokalia. Wapo.

Wengi wanaijua habari ya Stanley Kubrick na Steven Spielberg. Kubrick aliibeba kwa miaka mingi hadithi ya mtoto wa roboti anayetaka kupendwa na mama, iliyotokana na hadithi fupi ya Brian Aldiss ya mwaka 1969, na akiwa hai alimwambia Spielberg kwamba yeye ndiye anayefaa kuiongoza. Kubrick akafariki Machi 7, 1999. Spielberg akaandika skripti mwenyewe kutokana na kazi iliyoachwa, na A.I. ikatoka 2001. Watu wakasema mwisho wake una utamu mwingi mno, na kwamba huo utamu ni wa Spielberg. Naye akaeleza kwamba mwisho huo ulikuwa wa Kubrick tangu zamani.

Hapo nilijifunza kitu kichungu. Unayepokea kazi utalaumiwa kwa vya mwenzako na kusifiwa kwa vyake, na hakuna namna ya kusimama mlangoni kumweleza kila mtazamaji.

Lakini hiyo haikuwa hofu yangu. Mimi sikuogopa lawama za watu wasionijua.

Yule wa Poland ndiye aliyenikaa kichwani. Andrzej Munk alikuwa anatengeneza filamu kuhusu mwanamke aliyewahi kuwa mlinzi katika kambi ya mateso ya Wanazi, Auschwitz, ambaye miaka baadaye, akiwa safarini melini, anamwona mtu anayefanana na mfungwa wake wa zamani. Septemba 20, 1961, Munk alikufa kwa ajali ya gari. Sehemu za kambini zilikuwepo. Sehemu za melini hazikuwa zimekamilika kwa namna aliyoitaka. Mwenzake Witold Lesiewicz angeweza kuita waigizaji, akapiga vilivyobaki, akaziba. Hakuziba. Alichukua picha za mnato za melini, zisizotembea, akaweka msimulizi anayemwambia mtazamaji waziwazi kwamba mwenye filamu hayupo tena, na kwamba wao hawataki kumsemea mwisho ambao hakuwahi kuusema. Pasażerka ilitoka 1963. Ni saa moja na kidogo tu.

Niliiangalia mara mbili. Zile picha zilizoganda zinatisha. Unaona meli, unaona nyuso, na unajua kwamba hapa kuna mkono uliotakiwa kufika na haukufika.

Nikajiambia: ndiyo hii. Niache pengo. Mwisho wa kiangazi ambao kaka hakuupiga niuache mweusi, niandike maneno matatu kwenye kioo, basi.

Nililala vizuri usiku ule. Asubuhi nikagundua kwamba nilichokipenda si heshima ya Lesiewicz. Nilichokipenda ni kutokwenda Kilolo. Sikutaka kupanda kule peke yangu na kumkuta yule mzee.

Na kuna kutofanya kabisa, ambako nako nilikufikiria kwa dhati. Djibril Diop Mambéty wa Senegal alipanga filamu tatu fupi fupi kuhusu watu wadogo, wale wasiohesabiwa na mtu. Alifariki Julai 1998. Ya pili, ya binti mwenye ulemavu wa miguu anayeuza magazeti mitaani Dakar, ilitoka 1999, yeye akiwa kaburini. Ya tatu haikutengenezwa. Nilimwonea wivu yeyote aliyeweza kuiacha ile ya tatu ilale. Ila yeye hakuambiwa na mjane, nyuma ya jiko, "malizia."

Larisa na Elem

Nimewaweka peke yao kwa sababu hao ndio walionigeuza.

Larisa Shepitko alikuwa muongozaji wa Usovieti, na mume wake, Elem Klimov, naye alikuwa muongozaji. Mwaka 1979 Larisa alikuwa ameanza filamu kutokana na riwaya ya Valentin Rasputin, kuhusu kijiji kilicho kisiwani ambacho kitazamishwa na maji ya bwawa la umeme. Wazee wanaambiwa wahame, na makaburi ya wazazi wao yanabaki chini ya maji. Mimi niliyezaliwa upande wa barabara ya kwenda bwawa la Mtera, nikisikia kijiji na bwawa katika sentensi moja lazima nisimame.

Julai 2, 1979, kazi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, Larisa alikufa kwa ajali ya gari pamoja na baadhi ya watu wa timu yake. Alikuwa na miaka 41.

Klimov akaichukua ile filamu. Sasa sikiliza alichofanya, maana nilikisoma mara ya kwanza nikapita, na siku ya tatu ndipo nikashtuka. Alitengeneza filamu mbili. Kwanza fupi, ya 1980, aliyoiita kwa jina la mkewe, Larisa, na humo akaweka machungu yake, picha za mkewe, sauti ya mkewe. Halafu ile ndefu ya kijiji akaikamilisha, na humo akakaa na wale wazee wa kisiwani.

Msiba aliuwekea nyumba yake.

Hicho ndicho nilichokuwa sijaelewa. Shemeji aliponiuliza "yeye yuko wapi", jibu la haraka lilikuwa kurudisha sauti ya kaka kila mahali, nimweke hata akicheka, hata akikohoa, niwatoe watu machozi. Na wangelia, nina uhakika. Lakini filamu ya mgema ingegeuka tanzia, na yule mzee angekuwa pambo kwenye msiba wa mtu wa mjini. Kaka angekasirika, na safari hii angekuwa na haki.

Basi nimeanza nyingine. Ndogo, ya dakika chache, ya familia. Humo kaka anacheka, anateleza kwenye matope, anaita "babu, subiri kwanza." Hiyo haitatoka nje ya nyumba ile ya Kihesa.

Na ile kubwa ikabaki na swali lake: sauti itoke, au ibaki?

Ukurasa wa masika ya kwanza

Nilirudi kwenye daftari, safari hii bila haraka, nikizingatia tarehe alizoweka pembeni. Nikakuta jambo ambalo lilikuwepo muda wote.

Masika ya kwanza ameandika: "Maswali yangu yabaki. Ni mazungumzo, si mahojiano."

Masika ya pili: "Nimechoka kujisikia. Sauti yangu itoke yote." Ile yenye mistari miwili.

Masika ya tatu, wiki mbili kabla hajaugua, kuna namba moja ya klipu imezungushiwa duara, na pembeni alama ya kuuliza. Hakuna neno. Alama tu.

Nikaifungua hiyo klipu mikono ikiwa baridi. Jioni, mwanga unafifia, mzee amemaliza shina la mwisho na anafuta kisu kwenye suruali. Sauti ya kaka inauliza kutoka nyuma ya kamera, taratibu, "Babu, ukichoka nani atakugemea?"

Mzee anakaa kimya muda mrefu. Anatazama juu ya mianzi. Kisha anageuka na kuitazama kamera, au tuseme anamtazama aliyekuwa nyuma yake. "Si wewe hapo? Miaka mitatu umesimama unaangalia. Hujajua tu?"

Kwenye dakika zangu 52 nilikuwa nimelikata hilo swali. Nilikuwa nimebakiza mzee akisema "si wewe hapo" bila mtu wa kuambiwa.

Nilizima kompyuta nikatoka nje kutembea hadi barabarani na kurudi.

Nilikuwa nimelisoma daftari kama wosia. Wosia mtu huandika akiwa amekata shauri. Hili lilikuwa la mtu anayebishana na nafsi yake, leo hivi, mwakani vile, na kifo kilimkuta katikati ya sentensi, kwenye alama ya kuuliza. Mstari niliokuwa nautii ulikuwa wa siku moja ya uchovu, masika ya pili. Nilimgandisha kwenye siku hiyo nikaita utiifu. Wakati kaka niliyemjua mimi alikuwa mtu wa kubomoa alichojenga jana bila hata kuaga, na tabia hiyo ndiyo iliyofanya kazi zake ziwe na uhai.

Kwa hiyo kazi niliyopewa si kutekeleza maagizo. Ni kuendelea kubishana na picha zile kama yeye alivyokuwa anabishana nazo, na kujua kwamba mara hii nikikosea, kosa ni langu.

Sitasema hilo limenipa amani. Kuna usiku najiuliza kama si ujanja wa kujipa ruhusa. Mtu akishasema "marehemu naye angebadilika", anaweza kufanya lolote analotaka na kulitia jina la marehemu. Nimejiwekea mpaka mmoja tu: swali la kaka linabaki pale ambapo jibu la mzee haliwezi kusimama bila hilo. Nimehesabu. Ni mahali pawili.

Kilolo, Juni

Wiki iliyopita nilipanda.

Upepo wa Juni mnaujua. Nilishuka kwenye bodaboda masikio yakiwa hayapo. Nilikuwa na kamera ya kaka, ileile, na akilini nilikuwa na fremu moja: mbeta tupu zimetundikwa, kimya.

Mzee alikuwa ameketi juani nje ya nyumba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatazama nyuma yangu njiani. Akaendelea kutazama.

"Mwenzako anapandisha?"

Hawakuwa wamemwambia. Au walimwambia mtu ambaye hakumfikishia. Nilikuwa nimeshafungua kamera ili nipate ujio wangu, taa nyekundu inawaka. Nikaizima. Nikakaa chini kwenye gogo nikamweleza, ugonjwa, hospitali, Machi, tulipomzika.

Akasema, "Masika yote nimemsubiri. Nikajua amepata gari la kwenda Dar."

Kisha hakusema kitu. Kuku walipita. Mke wake alitoka, akaelezwa kwa Kihehe, akashika kichwa, akaingia ndani, na baadaye akatuletea viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye sahani. Tulikula. Sidhani tulizungumza maneno kumi.

Baada ya kula, mzee aliinuka akaniita nyuma ya nyumba. Nikajua sasa naenda kuziona mbeta tupu. Hazikuwa zimetundikwa. Alikuwa amekata mwanzi uliokomaa na alikuwa anachonga mpya. Nane zilikuwa zimekwisha, zimepangwa ukutani zinakauka, ndani nyeupe kama mayai. Ya tisa ilikuwa kwenye mapaja yake dakika moja baadaye, na kisu kilekile kidogo.

"Aliniuliza kiangazi nafanya nini. Nikamwambia njoo uone."

Nikamwomba ruhusa ya kuwasha kamera. Akaitikia kwa kichwa. Kimya alichokiandika kaka hakikuwepo, kulikuwa na kisu kinakwaruza, upepo, na redio ya jirani ikitangaza bei za mahindi. Nilipiga dakika ishirini bila kukata. Mikono yangu ilitulia zaidi ya nilivyotegemea.

Karibu na mwisho aliinua ile ya tisa, akaitazama ndani kwa jicho moja kuelekea juani, akapuliza vumbi. Akasema bila kunitazama:

"Hizi ni za masika. Mtakuja?"

Inawezekana ni heshima tu ya kizee, kumwita mgeni mmoja kwa wingi. Nimeisikiliza tena na tena hapa mezani. Unasikika na mimi nyuma ya kamera nikijibu, "Tutakuja, babu."

Nimeiacha ilivyo.